Pango la Miezi Kumi na Miwili

9 Januari

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima, isipokuwa goti la Kaka, ambalo linamuuma kila anapotakiwa kubeba kitu na kupona kila chakula kinapoiva. Watoto wake wamerudi shule. Yule wa kwanza amenipita kimo, sasa ananitazama kwa juu kama mkaguzi. Paa la mbele tumeliziba. La nyuma, juu ya vyumba vyako viwili, bado linavuja karibu na dirisha, nimeweka ndoo. Vyumba vimefungwa kama ulivyoagiza, na kila Jumamosi nafungua, nafagia, nafunga.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Kaka ameonyeshwa tangazo lako kwenye simu ya rafiki yake. Umesimama kando ya kochi la kijani, mkono juu ya mgongo wake kama bwana harusi, na chini yake bei ya kulishona upya: mia sita. Kaka akapiga mluzi. "Makochi matano kwa mwezi ni elfu tatu," akasema. "Na sisi anatuambia kiwanda kimefungwa, hali ngumu, mchango wa paa usubiri." Nikamwambia aache kuhesabu mfuko wa mtu mzima. "Sihesabu mfuko," akanijibu, "nasoma tangazo."

Mjomba, mimi si Kaka. Lakini mimi ni mtu wa mshahara. Pale duka la miwani, kila mwisho wa mwezi napewa karatasi: hiki kilikuwa chako, hiki kimekatwa, hiki nenda nacho. Karatasi hiyo naielewa. Yako siielewi. Ulipokuwa mtumwa wa kiwanda ulituma. Umekuwa bosi wa nafsi yako, umenyamaza.

Halafu kuna Julai. Ulituahidi kwamba Julai hii unarudi nchini moja kwa moja. Mtu anayerudi Julai haanzi kutangaza makochi Januari. Au anaanza? Nieleze kwa maneno yako mwenyewe: unapata ngapi, na Julai iko palepale?

Ni mimi mpwa wako, mwenye ndoo.


2 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka goti la Kaka, ya pili bila kucheka. Nashukuru hukupiga simu. Kwenye simu mimi hukubali kila kitu ili mtu asiumie. Kwenye karatasi angalau nina nafasi ya kufuta.

Afya ipo. Chumba changu ni kilekile juu ya dobi, sakafu inapata joto mchana kutwa kwa sababu ya pasi zake, na vitabu vimejaa hadi chini ya kitanda. Kazi naifanya katika gereji ya dereva mmoja mstaafu, mtaa wa pili. Gari aliliuza, akabaki na harufu ya mafuta, kisha akanipata mimi. Ndani ya makochi ya watu nakuta vifungo, vichana, kalamu. Juzi nilikuta pete, nikairudisha. Mwenyewe alinitazama kwa shaka, kana kwamba anayerudisha pete lazima ameficha mkufu. Nikakukumbuka wewe, maana barua yako ina jicho hilohilo.

Haya, tuhesabu.

Ile mia sita si yangu, ni ya kochi. Kochi linakula kitambaa, sponji, mbao pale zilipooza, gundi, uzi na misumari, na mwenye kigari cha kulileta na kulirudisha. Makochi matano kwa mwezi ni kweli, lakini si kila mwezi. Ipo miezi miwili ya mwaka ambayo watu huku hawakumbuki kwamba wana makochi. Kwa hiyo naweka miezi kumi ya kazi: elfu thelathini kwa mwaka. Toa vifaa, elfu saba na mia mbili. Toa pango la gereji, mia nne mara kumi na mbili, elfu nne na mia nane. Inabaki elfu kumi na nane, na hiyo ndiyo faida. Hapo ndipo wenye kisu huketi mezani.

Nilipokuwa kiwandani, kodi ilikatwa kabla sijaiona fedha, kama mtu anayeng'olewa jino usingizini. Sasa nang'olewa macho wazi, tena koleo nalishika mwenyewe. Mchango wa uzeeni na matibabu, zamani kiwanda kilitoa nusu, mimi nusu. Siku hizi nusu zote mbili ni zangu: asilimia kumi na tano ya faida, yaani elfu mbili na mia saba. Kodi yenyewe, kwa kipato changu, inafika kama sehemu ya kumi: elfu moja na mia nane. Kinachobaki ni elfu kumi na tatu na mia tano. Gawa kwa miezi kumi na miwili: elfu moja, mia moja na ishirini na tano. Hapo sijalipa chumba wala sijala. Mwambie Kaka apige mluzi tena, safari hii kwa sauti ya chini.

Na yote hayo si fedha niliyoipata. Ni fedha ambayo ofisi ya kodi inataka niikisie sasa, mwanzo wa mwaka, ili nilipe kwa mafungu manne. Wazee walituonya tusikate mbeleko mtoto hajazaliwa. Ofisi ile inataka mbeleko, tena na risiti ya kitambaa. Nilimuuliza mama wa dirishani, "Nitajuaje nitakachopata mwaka huu?"

"Kisia," akasema.

"Nikikosea?"

"Utalipa."

"Na nikipatia?"

"Utalipa."

Nilimpenda. Hakunificha kitu.

Nisalimie watoto, na huyo mkaguzi mwambie ashuke chini kidogo. Mchango wa paa nitatuma fungu la kwanza la kodi likishapita.

Mjomba wako.


25 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mkaguzi amekataa kushuka. Goti la Kaka limepona siku ya mpira, likaugua siku ya kupanga matofali. Mimi nimebadilishiwa zamu dukani, sasa siuzi fremu tena, nasaga lenzi nyuma siku nzima. Kazi naipenda. Tajiri ndiye simpendi, lakini hilo si la leo.

Hesabu yako nimeisoma mbele ya Kaka. Akasema, "Kumbe." Kwa Kaka hiyo ni hotuba. Kwa upande wake umesafishika.

Kwa upande wangu hapana. Hesabu imenyooka mno, Mjomba, na nikaipitia kama ninavyopitia lenzi, naishika juu, naigeuza. Umeandika kazi miezi kumi. Sawa. Umeandika pango la gereji miezi kumi na miwili. Januari hadi Desemba. Mtu anayerudi Julai analipiaje gereji ya Agosti? Nani atakaa humo Septemba, yule dereva na harufu yake?

Nilikuuliza mambo mawili. La fedha umelijibu hadi misumari. La Julai hukuligusa hata kwa wembe. Kama hurudi, sema hurudi, vyumba visilale bure. Sitakasirika. Nitakasirika, lakini yatapita.

Na kwa kuwa tumo humo kwenye hesabu, nifafanulie mambo machache. Mteja akilipa nusu Desemba na kazi ikaisha Januari, inaingia mwaka upi? Mtu akinunua mashine, bei yake yote anaitoa kwenye faida ya mwaka ule, au anaigawa kwa miaka? Na kile cha kulipia kodi unakiweka wapi kisiliwe?

Nauliza tu.

Mpwa wako.


20 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba ya kuchelewa. Ningeweza kusema mkono uliniuma, maana kweli uliniuma wiki moja, sindano ya mgongo wa kiti iliponichoma. Wiki saba nyingine hazina sindano.

Dobi wa chini ameoa. Dereva wangu ameanza kusoma vitabu vyangu na kuvirudisha na alama za mafuta, nami simkatazi, kwa kuwa ni mtu wa kwanza kwa miaka mingi kuniuliza mwisho wa kitabu ulikuwa na maana gani.

Nianze na maswali yako. Fedha ya kazi isiyokwisha mimi naihesabu siku inapoingia, lakini ofisi za huko zinaweza kutaka vingine, uliza. Mashine kubwa hugawanywa kwa miaka kadhaa. Na kila nilipwapo, sehemu ya nne nairusha benki kwenye akaunti nyingine kabla sijavua viatu. Fedha ya kodi ni mgeni, usiizoee. Halafu ushike kanuni moja: kipato kikisie chini kidogo ya unachotumaini, na gharama juu kidogo ya unachoogopa.

Hayo nimeyajibu kwa adabu. Sasa na mimi niulize. Mashine gani?

Mimi nina mashine moja ya kushonea, nayo ni kuukuu. Wewe ni mtu wa mshahara. Mtu wa mshahara haulizi mteja akilipa nusu itakuwaje, hana mteja. Haulizi aweke wapi kodi, haioni. Maswali yako, mwanangu, si ya anayemchunguza mjomba. Ni ya anayejipima viatu vya mjomba.

Nikatoa ile picha ya watoto uliyonitumia, waliyopiga uani. Nyuma ya mkaguzi lipo dirisha la chumba changu. Dirisha hilo lina nondo mpya. Tangu lini ndoo inalindwa kwa nondo? Halafu nikasoma tena: "vyumba visilale bure." Neno hilo halikuja lenyewe.

Unanisukuma niseme sirudi. Nikisema, utakuwa umepata ulichotaka, na lawama itabaki yangu. Vyumba vile baba yangu alinigawia kwa mdomo wake, mama yako akiwa amesimama hapo hapo, Mungu amrehemu. Kama vimeshapata mtu, nielezwe na wewe, siyo na dirisha.

Mjomba.


11 Mei

Mjomba, shikamoo.

Leo sina salamu ndefu. Watu wazima wote, na watoto.

Vyumba havina mtu. Sijaingiza hata kiti. Nondo niliweka, ndiyo, nikafunga tena mlango nikatoka, na usiku ule nilijisikia kama mwizi aliyeiba kufuli badala ya mali.

Nimeacha kazi. Barua ya kuacha niliiandika mwisho wa Machi, naondoka mwisho wa Juni. Hakuna anayejua ila Kaka, na Kaka anajua kwa sababu mashine ya kusagia lenzi iko sebuleni kwake chini ya shuka, na watoto wake wameambiwa wakiigusa watang'olewa kucha. Nimeinunua kwa akiba yangu yote. Ni ya mkono wa pili lakini inakata kama mpya.

Nikafanya hesabu kwa njia yako. Nimeondoa masifuri ili usichoke. Dukani, kinachonifikia mkononi ni mia nne kwa mwezi. Nikikodi chumba barabarani, baada ya vifaa, pango, mchango na kodi, inabaki mia tatu na ishirini. Nimeirudia mara nyingi, haipandi. Yaani niache tajiri ili niwe maskini wa nafsi yangu. Lakini nikikaa kwenye vyumba vyako, inabaki mia nne na sabini. Tofauti ya kula na kutokula, Mjomba, ni vyumba vyako viwili.

Ndiyo maana sikusema. Ningekuambia Januari, ungesema "chukua," kwa sababu wewe hukubali kila kitu ili mtu asiumie, umeandika mwenyewe. Halafu Julai ungerudi na begi, ukute mashine kitandani kwako. Nilitaka kwanza nijue unarudi au hurudi. Sikutaka useme sirudi. Nilitaka useme kweli.

Na bado hujasema. Umeona nondo kwenye picha, lakini Agosti ya gereji huioni. Unarudi? Ndiyo au hapana. Misumari niachie.

Mpwa wako.


30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba.

Dereva aliponiletea mkataba wa gereji, aliniuliza, "Miezi sita au kumi na miwili?" Kinywa kikasema kumi na miwili. Hakikuniuliza. Nikasaini, nikaenda kununua uzi, na katikati ya duka la uzi ndipo nikakumbuka Julai. Sikurudi kubadilisha. Hilo ndilo jibu lote nililo nalo, nami nimelizungushia makochi tangu Februari.

Utaniuliza kwa nini. Nilipoondoka hapo nilikuwa kijana, na kila mwaka nimesema mwaka huu. Nilikuwa nasema kweli. Lakini waliokuwa wakiniita kwa jina la utoto sasa wamebaki wawili, na mmoja hasikii. Nikifika stendi nitauliza njia ya nyumbani kwetu kama mgeni, nitaelekezwa kwa heshima, na heshima hiyo itaniua. Huku mimi si wa mtu, hilo ni kweli. Ila nikipita mtaani, mtu hutoa kichwa dirishani, "Fundi, kiti changu lini?" Si mapenzi, ni kiti tu. Lakini ananiuliza mimi.

Basi: sirudi Julai hii. Sijui ya mwakani. Nisikuandikie neno kubwa kuliko hilo, utalikagua.

Ingia vyumbani. Kesho. Sihitaji pango, ningekuwa mtu wa ajabu kukulipisha chumba kinachovuja. Na usizibe paa kwa fedha ya mashine. Fungu la kodi limepita, mchango wangu umo njiani.

Mjomba wako.


16 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mchango umefika. Fundi wa paa amekuja, ndoo imestaafu.

Barua yako niliisoma peke yangu. Kaka aliuliza imesemaje, nikamwambia, "Hachelewi, harudi." Akasema mashine itoke sebuleni kwake basi, amechoka kula amesimama. Tumeihamisha wanne. Goti lilipona.

Lakini bure sikai. Usinijibu haraka, sikiliza kwanza. Ukinipa bure, siku moja Kaka, au mtoto wa Kaka, atasema vyumba ni vyangu, nami nitazoea kusikia. Nikikulipa, kila mwezi patakuwa na karatasi inayosema vyumba ni vyako na mimi ni mpangaji. Sikuamini sana wewe, wala sijiamini sana mimi. Karatasi naiamini. Nimeweka arobaini kwa mwezi. Inabaki mia nne na thelathini, bado namshinda tajiri.

Hapa sasa nimekwama. Ofisi ya kodi ya huku nayo inataka makadirio ya mwaka wangu wa kwanza, kuanzia Julai. Kwenye gharama kuna mstari wa pango, na unauliza miezi mingapi. Siku utakayorudi, chumba chako kimoja utakichukua na mkataba utakufa. Kwa hiyo ni wewe wa kunijibu, siyo mimi wa kukisia. Niandike miezi mingapi?

Mpwa wako, mpangaji.


8 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, mpangaji.

Nilikwenda kwa yule mama wa dirishani kumweleza kuwa sasa nina kipato kingine. Akauliza kinatoka wapi. Kwenye fomu upo mstari wa mali iliyo nchi nyingine, na miaka yote mimi nimekuwa nikiuchora kistari. Nilimwambia, "Kutoka nyumbani." Akasema hilo si jina la nchi. Nikamwandikia jina, nikakosea herufi, nikasingizia sindano.

"Mpangaji anaaminika?" akaniuliza.

"Ana maswali mengi," nikamwambia.

"Basi atalipa," akasema.

Swali lako nimelala nalo. Nimelipeleka gerejini na kulirudisha. Dereva aliniambia, "Mjibu kitu, mtoto wa watu anasubiri."

Andika sita.

Mjomba wako.


1 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Nimefungua. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alinilipa nusu. Chumba cha mbele nimeweka meza ya kupimia fremu, cha ndani mashine. Kwenye kona ya ndani nimeacha nafasi ya kitanda kimoja, sikuweka kitu, mashine inatoa vumbi lakini halifiki kwenye kona ile.

Jibu lako nimelipata. Nimekaa na fomu mbele yangu na neno lako "sita" kando. Unajua ninavyokusoma. Nimekushika juu, nimekugeuza.

Kisha nikafuata kanuni yako, gharama ziwekwe juu kidogo. Nimeandika kumi na miwili.

Ukija kweli baada ya miezi sita, gharama zangu zitakuwa pungufu, faida itakuwa imezidi, na ofisi itanidai kodi ya ziada pamoja na faini ya kukisia vibaya. Nimeuliza dirishani ni kiasi gani. Si kidogo. Wewe njoo tu, Mjomba, hiyo nitailipa mwenyewe, nikiwa nimesimama, na risiti nitaitia fremu.

Mpwa wako.